Pijo ikilia tik-tik, usikimbilie kufungua injini

Kwenye maegesho ya pikapu katika miji ya mpakani, kuanzia Namanga na Holili hadi Busia, bado huonekana magari ya kizamani yakifanya kazi ambayo magari mapya mengi yangeikataa. Mojawapo ni Peugeot 504, ambayo watu wa ukanda huu huiita Pijo tu. Inapakia vitunguu, mitumba au ndizi hadi chuma cha nyuma kinalalamika, na kesho yake inapakia tena. Gari la umri huo lina sauti zake, na mwenyewe huzizoea. Lakini kuna mlio mmoja ambao hauzoeleki: ule mwembamba wa tik-tik-tik unaotoka chini ya boneti, unaokwenda mbio mafuta yakikanyagwa na kupungua yakiachiwa.

Wasiwasi huo una sababu ya kifedha. Mlio huo unaweza kuwa wa kitu kinachorekebishwa asubuhi moja kwa bisibisi, spana na gasketi ya kifuniko. Unaweza pia kuwa wa kitu kitakachovunja injini kabla mzigo haujafika sokoni. Kwa sikio la mtu mwenye haraka, vyote viwili vinafanana. Ndiyo maana wapo wanaolipia ovaholi kwa injini iliyohitaji kusetiwa tapeti, na wapo walioambiwa "ni tapeti tu, wewe twende" huku beringi zimekwisha.

Pijo si ngeni katika barabara za majirani. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo maabara ya wazi ya kujua gari lipi linaweza vumbi na mashimo ya huku. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo tatu zilikuwa za Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Mdogo wake, 504, aliyeanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, alishinda mwaka 1975 na tena 1978. Kenya iliendelea kuiunganisha 504 muda mrefu baada ya kiwanda cha Ufaransa kuiacha. Kwa hiyo vipuri vyake vipo, mafundi wake wapo, na tatizo lake la tik-tik linajulikana vizuri kuliko wenye magari wanavyodhani.

Kwa nini injini ile hulia

Injini ya petroli ya 504 ni ya mtindo wa zamani. Kamshafti haikai juu kama kwenye magari ya leo, ipo ubavuni ndani ya bloku. Inapozunguka, husukuma vijiti vya chuma kwenda juu, vijiti vinainua roka, na roka inakandamiza valvu ifunguke. Kati ya roka na shina la valvu huachwa mwanya mdogo kwa makusudi. Chuma kikipata moto hurefuka, na bila mwanya ule valvu ingebaki wazi kidogo muda wote.

Kwa 504 ya petroli, kipimo kikichukuliwa injini ikiwa baridi kabisa ni milimita 0.10 kwa valvu ya kuingizia na 0.25 kwa valvu ya kutolea moshi. Ile 0.10 ni kama unene wa karatasi moja ya kawaida ya ofisini. Valvu ya moshi hupewa mwanya mkubwa zaidi kwa sababu inapitiwa na gesi ya moto na hurefuka zaidi. Mwanya ukizidi hapo, roka haikandamizi tena valvu, bali huipiga. Kila ikifunguka, tik. Hicho ndicho mafundi wanachokiita tapeti kugonga.

Sasa lipo jambo ambalo linatofautisha tapeti na hatari nyingine, nalo ni hesabu. Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa imeachwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja inafunguka mara 400, yaani karibu mara saba kwa sekunde. Kitu kinachogonga chini, kama beringi ya konrodi au pistoni iliyolegea, kwa kawaida hufuata kranki, hivyo hugonga haraka mara mbili ya hapo. Fundi mwenye taa ya taimingi anaweza kuhakikisha bila kufungua nati hata moja: anaibana taa kwenye waya wa plagi, na kwa kuwa plagi inawaka mara moja kwa kila mzunguko wa kamshafti, mlio mmoja kwa kila mmweko unaelekeza juu, kwenye valvu. Milio miwili kwa kila mmweko inaelekeza chini, na hapo mazungumzo yanabadilika.

Wasio na taa hutumia bisibisi ndefu. Ncha inawekwa kwenye chuma cha injini, mpini kwenye mfupa wa sikio, na fundi anahama sehemu baada ya sehemu: kifuniko cha juu, ubavu, chini karibu na sampu ya oili. Kipande cha bomba la mpira hufanya kazi hiyo hiyo na hakipigi umeme. Mlio wa tapeti unasikika wazi juu na kufifia chini. Mikono ya shati ikunjwe na feni iangaliwe, maana wapo waliopoteza kidole wakitafuta sauti.

Kuna kipimo kingine cha haraka kwa injini ya petroli. Waya wa plagi moja huchomolewa kwa koleo lenye mpini wa mpira, injini ikiwa inanguruma polepole, na ncha ya waya hugusishwa kwenye bodi ili cheche ipate pa kwenda. Silinda ile ikikosa moto, konrodi yake haibebi tena mzigo wa mlipuko. Kama mgongo ulikuwa wa beringi ya konrodi hiyo, utapungua sana au utatoweka. Mlio wa tapeti haujali. Utaendelea tik-tik kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu valvu inafunguka na kufunga vilevile, moto uwepo usiwepo.

Fila geji na udanganyifu wake

Ikishajulikana kwamba ni juu, kifuniko kinafunguliwa. Hapo njia ya zamani bado ndiyo bora: injini inawashwa polepole, na ubapa mwembamba wa fila geji unapenyezwa kati ya roka na valvu, moja baada ya nyingine. Ubapa ukiingia kwenye ile yenye kelele, mwanya unajazwa na mlio unanyamaza hapo hapo. Valvu ya mkosaji imejitaja yenyewe. Oili itarukaruka, lakini si kwa wingi wa kuogopesha kama injini haikanyagwi.

Kuseti kwenyewe hufanywa injini ikiwa imelala usiku kucha. Plagi zinatolewa ili injini izunguke kwa mkono bila taabu. Valvu mbili za silinda ya 1 zikionekana zinapokezana, moja inamalizia kufunga na nyingine inaanza kufungua, silinda ya 4 ndiyo ya kuseti. Zikipokezana za 4, inasetiwa ya 1. Hali kadhalika 2 na 3. Mafundi waliokulia kwenye Toyota huanza kuhesabu silinda kutoka upande wa rejeta, wakati Peugeot huhesabu kutoka upande wa flaiwili, kwenye gia. Kwa kazi ya tapeti kosa hilo halidhuru, jozi zinabaki zilezile. Litamsumbua siku ya kurudisha disributa.

Ugumu unaanza pale fundi anaposeti kwa uangalifu, fila inapita kwa mkwaruzo mdogo kama inavyotakiwa, kifuniko kinarudishwa, injini inawashwa, na mlio uko palepale. Mwenye gari anamtazama fundi. Fundi anatazama chini. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Roka iliyofanya kazi miaka thelathini inalika mahali inapogusana na shina la valvu, na kidimbwi kidogo kinachimbika kwenye chuma. Ubapa wa fila ni ulionyooka, hivyo unalala juu ya kingo za kidimbwi kama ubao juu ya mtaro. Fila inasoma 0.10, lakini shina la valvu linaingia ndani ya kidimbwi na mwanya wa kweli ni mkubwa zaidi. Hapa mwenye gari akikubali kuongezewa kazi ya kufungua injini nzima, atakuwa amelipia kosa la roka moja. Dawa ni kupeleka roka ikasawazishwe na mtu anayejua kazi hiyo, au kubadilisha.

Lipo na suala la oili. Roka zote zimevaa shafti moja yenye matundu madogo ya kupitisha oili, na injini iliyobadilishwa oili kwa kusahausahau hujaza masizi mazito kwenye matundu hayo. Roka ikikauka, inakula shafti, inayumba, na inalia. Kifuniko kikiwa wazi na injini ikinguruma, oili inapaswa kuonekana ikichuruzika kwenye kila roka. Ile iliyo kavu haihitaji kusetiwa, inahitaji njia ya oili izibuliwe kwanza.

Injini iliyonyamaza mno

Mteja mwenye haraka ana ombi moja: "Fundi, nataka kelele ziishe zote." Kwa sentensi hiyo anajitafutia hasara. Ni rahisi mno kuzimaliza: skrubu zinakazwa kidogo kupita kipimo, mwanya unatoweka, na Pijo inanguruma laini kama gari la balozi. Fundi anayejiheshimu atakataa. "Mama, hii nikikunyamazishia leo, utarudi kwangu na valvu imeungua."

Sababu iko kwenye namna valvu inavyopoa. Valvu ya moshi haina maji yanayoizunguka. Joto lake kubwa hutoka pale inapofunga na kukaa kwenye kiti chake, ambapo joto linahamia kwenye silinda hedi. Ikikazwa kupita kiasi haifungi kabisa. Joto halina pa kwenda, gesi ya moto inapenya kwenye ule upenyo mwembamba kama moto wa kukatia chuma, na ukingo wa valvu unaliwa. Gari linaanza kukosa nguvu mlimani, silinda moja inapoteza kompresheni, na kilichokuwa kazi ya asubuhi kinakuwa kazi ya kushusha silinda hedi. Mlio mdogo wa tapeti haujawahi kumlaza mtu njiani. Valvu iliyoungua imewalaza wengi.

Kwa magari ya kizamani yenye silinda hedi ya chuma cha kusubu, kama Land Rover za zamani za mashambani, ukimya una historia yake. Petroli ya miaka ile ilitiwa risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya valvu visilike. Serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondolewa. Afya ya watu ilipata faida kubwa. Injini zile za chuma, hata hivyo, zikaanza kulika viti vya valvu za moshi taratibu, na kiti kikilika valvu inapanda juu na kuumeza mwanya wake. Land Rover kama hiyo haipigi kelele ikiharibika. Inanyamaza. Mwenye nayo anapaswa kupima mwanya hata kama hasikii chochote.

Wanaojifanya tapeti

Milio mingine ya tik-tik haitoki ndani ya injini kabisa. Msumbufu mkubwa ni gasketi ya ekzosi pale manifoldi inapoungana na silinda hedi. Ikipasuka, kila pumzi ya moshi inatoka kwa mlio mkavu unaofanana mno na tapeti. Tofauti ni kwamba huwa mkali asubuhi na kupungua au kutoweka chuma kikipata moto na kutanuka. Masizi meusi kwenye maungio yake humaliza ubishi. Plagi isiyokazwa nayo hutoa mlio wa namna hiyo. Waya wa plagi uliopasuka hutik pia, na huo hutafutwa usiku, boneti wazi, taa zote zimezimwa: cheche ya buluu itaonekana ikiruka kwenda kwenye chuma. Pampu ya mafuta inayosukumwa na kamshafti ina tik yake ya asili, ndogo, na haina ubaya.

Mnyororo wa taimingi uliolegea hausemi tik-tik, husema chakachaka mbele ya injini, hasa mafuta yakiachiwa ghafla. Pistoni iliyolegea ndani ya silivu hugonga asubuhi na kutulia injini ikipata moto, na gari linaweza kuishi nayo muda mrefu.

Lisiloishika subira ni konrodi. Mlio wake ni mzito kuliko tik, ni kama kugonga mlango kwa kifundo cha kidole, na tabia yake ni kinyume cha ekzosi: asubuhi unafichika kwa sababu oili ni nzito, na unajitokeza injini ikipata moto, gari likiwa na mzigo, likipanda mlima. Taa nyekundu ya oili ikianza kupepesa injini ikinguruma polepole, hakuna cha kusubiri. Gari linazimwa na kuvutwa. Kuiendesha "mpaka pale mbele tu" kunaweza kuikata konrodi, nayo ikikatika hutoboa bloku. Aliyezima mapema hununua beringi na kusawazisha kranki. Aliyeendelea anatafuta injini nyingine, na mzigo wa nyanya haumsubiri.

Hata hapo 504 ina huruma yake. Silinda zake si sehemu ya bloku, ni silivu zinazochomolewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni zake, bila kupeleka bloku kuchongwa. Kwa anayefuata vipuri Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Kisekka ya Kampala au Gerezani ya Dar es Salaam, kosa la kawaida ni kuagiza "seti ya Pijo 504" bila kusema injini ipi. Zipo mbili kubwa za petroli: XM7 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,796, ambayo pistoni yake ni milimita 84, na XN1 ya 1,971, ambayo ni milimita 88. Kwa macho ya haraka injini zinafanana. Ukivuka mpaka na seti isiyo yake, umelipa nauli mara mbili. Namba iliyogongwa kwenye bloku isomwe na kuandikwa kabla ya safari, na pistoni ya zamani ikipatikana, ibebwe mfukoni. Za dizeli zina injini na vipimo vyake, na mgongo wa dizeli ikiwa baridi ni wa kawaida, usichanganywe na haya.

Yote haya yana uzito zaidi kwa anayenunua pikapu kuukuu kuliko kwa aliyenayo tayari, kwa kuwa muuzaji anayajua pia. Tapeti zilizokazwa huuza gari. Oili nzito ya gia iliyomiminwa kwenye injini huficha mgongo wa konrodi kwa siku kadhaa, muda wa kutosha kuandikishana. Kijiti cha oili kichomolewe na oili isuguliwe kati ya vidole. Ikiwa nzito na ya kunata kama asali, muuzaji aulizwe kwa nini. Gari lisikilizwe likiwa baridi, kisha likiwa limepata moto kwa robo saa, kisha likipanda mlima na mtu nyuma. Na kabla ya kuwashwa, kiganja kiwekwe juu ya injini. Ikiwa ya moto, na mwenye gari anasema, "Nilikuwashia mapema kaka, usipoteze muda," basi mwende mkanywe chai, injini ipoe, iwashwe upya mbele ya mnunuzi.